Siku ya Kuhesabu Ndege

Mwaka 1886 kijana mmoja wa Marekani, Frank Chapman, aliyepata kuwa karani wa benki, alitembea mara mbili katika mitaa ya New York ambako wanawake wenye nafasi walikuwa wakienda kununua mahitaji yao. Hakuwa na haja ya kununua kitu. Alikuwa akitazama kofia. Kofia alizozihesabu zilikuwa 700, na katika hizo 542 zilipambwa kwa manyoya ya ndege, au kwa mabawa, au hata kwa ndege mzima aliyekaushwa. Kwa kuwa alikuwa na macho yaliyozoea, aliweza kutambua katika mapambo yale ndege wa aina 40. Basi hesabu yake ya kwanza iliyopata sifa ilikuwa hesabu ya ndege waliokwisha kufa.

Zama zile palikuwa na mchezo uliopendwa sana siku ya Krismasi. Wanaume waligawanyika pande mbili, wakachukua bunduki, wakaingia mashambani na misituni, wakapiga kila kiumbe chenye manyoya au mbawa kilichowatokea. Jioni kila upande ulikusanya mizoga yake mahali pamoja, na waliokuwa na rundo kubwa zaidi ndio waliotangazwa kuwa washindi. Mizoga mingi haikuwa na kazi baada ya hapo. Haikuliwa, wala haikuuzwa. Ilihesabiwa tu, kisha ikatupwa.

Kufika mwaka 1900 Chapman alikuwa ofisa wa makumbusho makubwa ya viumbe ya New York, na mhariri wa gazeti la wapenzi wa ndege liitwalo Bird-Lore, lililoanza mwaka uliotangulia. Katika toleo la Desemba aliwaomba wasomaji wake watoke siku ya Krismasi bila ya bunduki, waandike aina za ndege watakaowaona na idadi ya kila aina, kisha wampelekee orodha zao azichapishe. Waliomwitikia walikuwa watu 27, katika mahali 25, toka Toronto katika Kanada hata Pacific Grove, California, kwenye pwani ya magharibi. Kwa jumla waliona ndege wa aina zipatazo 90.

Yafaa kuitazama kwa makini busara ya jambo lile, kwa maana imesahauliwa na wengi walioiga baadaye. Chapman hakuwahubiria watu waache mchezo wao. Aliacha siku ileile ya sikukuu, ambayo watu hawana kazi. Aliacha kundi la marafiki wanaotoka pamoja asubuhi. Aliacha mashindano, na furaha ya kuona jina la mtu na la kijiji chake limepigwa chapa. Aliondoa kitu kimoja tu, bunduki. Wala yeye mwenyewe hakuwa mtu aliyechukia risasi, kwani wataalamu wa ndege wa wakati wake walijifunza ndege kwa kuwapiga na kuwakausha. Alichokiona ni kwamba tamaa ya kushinda ni farasi mwenye nguvu, na kwamba si lazima farasi huyo afungwe katika gari lilelile siku zote.

Hesabu ile haikukoma. Imefanywa kila mwaka tangu siku hiyo, na sasa yasimamiwa na chama cha Audubon. Siku zake zimeongezwa, zikawa toka 14 Desemba hata 5 Januari, na kila kundi huchagua siku moja katika hizo. Watu wanaotoka wamezidi 70,000 kwa mwaka, na mahali pa kuhesabia pamezidi 2,000. Walakini ukubwa si sababu ya hesabu hiyo kuaminiwa na wataalamu. Sababu ni kanuni zake, ambazo zilikuja polepole, na ambazo kwa mtu wa nje huonekana kuwa ukarani usio na ladha.

Kanuni ya kwanza ni mahali. Kila kundi lina duara lake, ambalo upana wake ni maili 15, yaani kilomita zipatazo 24, na duara hilo halihamishwi. Kama ziwa limekauka au msitu umekatwa ndani yake, duara hubaki palepale, na watu hurudi kuhesabu mahali ambapo ndege wamepungua. Kanuni ya pili ni kipimo cha kazi. Haitoshi kuandika kwamba wameonekana bata 300. Huandikwa pia walikuwapo watu wangapi, katika makundi mangapi, walitembea saa ngapi na maili ngapi, kwa miguu au kwa gari. Maana yake ni rahisi: watu kumi wakihesabu saa nane wataona ndege wengi kuliko watu wawili wakihesabu saa tatu, ingawa ndege hawakuongezeka hata mmoja. Hesabu isiyosema jasho lililotumika ni kama mvuvi asemaye amepata samaki hamsini asitaje alitupa jarife usiku mmoja au wiki nzima.

Kanuni ya tatu ndiyo iliyo ngumu kwa roho ya mwanadamu: kuandika kunguru na shomoro kwa uangalifu uleule unaoandikiwa ndege adimu. Mtu mpya katika kazi hii hutamani kumwona ndege ambaye hajaonwa na mwingine, na hupita mbele ya kundi la ndege wa kila siku pasipo kufungua daftari. Lakini mambo makubwa yaliyojulikana kwa hesabu hizi yalihusu ndege wa kila siku. Mwaka 2019 wataalamu walichapisha hesabu iliyounganisha taarifa za miaka karibu 50, nyingi zao zikiwa za raia wasiolipwa, wakaonyesha kwamba Marekani na Kanada zimepoteza ndege karibu bilioni 3 tangu mwaka 1970. Yaani katika kila ndege kumi waliokuwapo wakati huo, karibu watatu hawapo. Sehemu kubwa ya waliopotea si ndege adimu. Ni shomoro wa majani, chiriku, na ndege weusi wa mashambani, ambao hakuna aliyedhani wana haja ya kulindwa.

Hasara ya namna hiyo haionekani kwa macho, kwa sababu hutokea polepole kuliko kumbukumbu ya mtu mmoja. Mzee husema kwamba ndege walikuwa wengi zamani. Kijana hudhani kwamba mzee asifu ujana wake. Na hapana awezaye kuamua kati yao kama hakuna daftari. Amerika ilikuwa imekwisha kuonja jambo hilo. Mwanzoni mwa karne ya 19 mtaalamu Alexander Wilson alitazama kundi moja la njiwa wa kuhama likipita juu ya Kentucky, akapima upana wake na mwendo wake na saa zake, akakadiria kwamba lilikuwa na njiwa 2,230,272,000. Tarehe 1 Septemba 1914 njiwa wa mwisho wa aina ile alikufa katika bustani ya wanyama ya Cincinnati. Kati ya hesabu ya Wilson na kifo cha yule wa mwisho palikuwa na karne moja, na katika karne hiyo hapakuwa na watu waliorudi mahali palepale mwaka kwa mwaka wakiandika.

Pwani ya Afrika ya Mashariki ina mfano wake, ulio karibu zaidi na macho ya msomaji. Kunguru wa Kihindi waliletwa Unguja katika miaka ya 1890 ili wale taka za mji. Walikula taka, kisha wakala makinda na mayai ya ndege wengine, wakavuka bahari, wakaenea Mombasa, Dar es Salaam, na miji mingine ya pwani. Kila mtu ajua kwamba kunguru wamezidi. Lakini ni ndege wangapi wadogo waliokuwa wakiimba katika bustani za miji hiyo kabla ya kunguru kufika, na walipungua kwa kadiri gani, na miaka ipi? Swali hilo haliwezi tena kujibiwa kwa tarakimu, kwa kuwa hakuna daftari la mwaka kwa mwaka lililoandikwa wakati huo.

Isidhaniwe kwamba kazi hii ni ya ndege peke yake. Uingereza, mwaka 1954, chama cha wapenzi wa mimea kilianza kuandika mimea yote ya visiwa vile, kwa kuigawa nchi katika miraba ya kilomita kumi kwa kumi. Kila mtu aliyejitolea alipewa kadi iliyopigwa chapa majina ya mimea kwa ufupi, naye alipouona mmea alilikata jina lake kwa kalamu. Kadi hizo zilirudishwa Cambridge, zikaingizwa katika mashine za kutoboa kadi, na mashine zikapiga nukta juu ya ramani. Mwaka 1962 Franklyn Perring na Max Walters walitoa kitabu cha ramani, na kwa mara ya kwanza mtu aliweza kuona kwa mara moja mahali mmea fulani unapoota na mahali ambapo ulikuwapo zamani nao umetoweka. Kazi ile ilifanywa na waalimu wa shule, makasisi, mama wa nyumbani, na wastaafu. Kadi ya kukata jina ni kitu kidogo, lakini bila ya kadi ile watu wale wote wangeandika kila mtu kwa namna yake, na pasingekuwa na ramani.

Afrika ya Mashariki nayo ilipata chama chake mapema. Mwaka 1909 maofisa wa serikali, walowezi na wamisionari waliunda katika Nairobi chama cha kuchunguza viumbe wa Afrika ya Mashariki na Uganda, na rais wake wa kwanza alikuwa Frederick Jackson, ofisa wa serikali aliyekuwa mjuzi mkubwa wa ndege. Chama kilitoa jarida, kikaanzisha makumbusho ambayo ndiyo chanzo cha Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Chama hicho kipo hata leo, nacho hujulikana zaidi kwa jina la Nature Kenya.

Ukisoma majarida ya miaka ile ya kwanza utadhani kwamba ndege wa nchi hizi walijulikana na Wazungu peke yao. Sivyo. Aliyejua tundu liko wapi, mlio ule ni wa ndege gani, na ndege yule hula matunda ya mti upi, aghalabu alikuwa mtu wa mahali pale, naye ndiye aliyemwongoza mgeni porini. Tofauti ilikuwa katika jina. Mgeni aliandika, na jina lake likabaki. Mwenyeji alisema, na maneno yake yakaingia katika kitabu cha mwingine.

Historia imehifadhi majina machache, na hayo yatosha kuonyesha kilichopotea. Reginald Moreau alifika Amani, katika milima ya Usambara, mwaka 1928, akakaa hata mwaka 1946, na kazi aliyoifanya juu ya ndege wa milima ile ilimpa sifa duniani. Pamoja naye alikuwapo Salimu Asmani, ambaye macho yake na masikio yake yalikuwa sehemu ya kazi ile, walakini ni wachache wanaolijua jina lake. Kusini zaidi, katika nchi ambazo leo ni Malawi na Zambia, Constantine Benson alisafiri miaka mingi na Jali Makawa, mtu aliyesifiwa kwa kuwaita ndege kwa kuiga milio yao. Septemba 1964, mwezi mmoja kabla ya Zambia kupata uhuru, Makawa alimpata kaskazini magharibi ya nchi hiyo ndege mdogo mwenye kifua cheupe ambaye hakufanana na yeyote aliyejulikana. Mwaka uliofuata Benson na mwenziwe Irwin walimpa ndege yule jina la Pogoniulus makawai, yaani wa Makawa. Hajapatikana wa pili hata sasa. Uchunguzi wa nasaba wa miaka ya karibuni umewafanya wengine waseme kwamba huenda hakuwa aina ya peke yake, bali mmoja wa jamaa zake wa kawaida aliyezaliwa na rangi ngeni. Iwe hivi au hivi, ngozi yake imehifadhiwa makumbushoni Uingereza na jina la Mwafrika li juu yake, jambo lililokuwa nadra wakati ule. Mwaka 2016 Bibi Nancy Jacobs, mwanahistoria, alitoa kitabu kizima juu ya watu kama hawa, na tangu hapo si rahisi kwa msomi mwaminifu kuandika historia ya elimu ya ndege Afrika kana kwamba hawakuwapo.

Hapa ndipo siku ya kuhesabu inapopata uzito ambao huko New York haikuwa nao. Kwa Chapman suala lilikuwa kuwageuza wapiga bunduki wawe watazamaji. Kwa Afrika ya Mashariki suala lilikuwa jingine: nani ana haki ya kushika kalamu.

Mabadiliko hayakuja kwa tangazo. Mwaka 1971 Bibi Fleur Ng'weno alianza kuongoza matembezi ya kutazama ndege mjini Nairobi kila Jumatano asubuhi. Wanaopenda walikutana makumbushoni, wakaenda msitu au bwawa au shamba lililo karibu, na mwisho wa matembezi orodha ya ndege wa siku ilisomwa mbele ya wote. Hakuna aliyetakiwa kuwa na cheti. Matembezi hayo yameendelea miaka mingi kuliko miradi mingi yenye fedha, na katika watu walioanza hapo wakiwa vijana wasio na darubini wametoka waongoza wageni, wachunguzi wa makumbusho, na wataalamu wa vyuo vikuu. Kwa kipimo cha elimu, orodha ya Jumatano moja si kitu kikubwa. Kwa kipimo cha watu, huenda matembezi yale ni kazi kubwa kuliko kitabu.

Vitabu vilikuja pia. Adrian Lewis na Derek Pomeroy waliigawa Kenya katika miraba 228, wakakusanya taarifa za watazamaji wa miaka 1970 hata 1984, na mwaka 1989 wakatoa kitabu cha ramani za ndege wote wa nchi. Kitabu kile kilikuwa kama picha iliyopigwa mara moja. Picha moja, hata ikiwa nzuri, haisemi kama mtu anakua au anakonda. Yahitajiwa ya pili. Kwa sababu hiyo mwaka 2013 ilianza kazi mpya ya ramani, kwa kanuni zilizotoka Afrika Kusini. Miraba ya sasa ni midogo, upande wake kilomita 9 hivi, na mtu yeyote aweza kuchagua mraba wa kwao.

Kanuni yake ni hii. Mtazamaji hutembea katika mraba kwa muda usiopungua saa mbili, akijaribu kufika kila namna ya mahali palipo humo, bondeni, shambani, mtoni, kijijini. Huandika aina za ndege kwa taratibu ya kuonekana kwao, yule wa kwanza kwanza, na huandika saa. Aweza kuongeza orodha hiyo hata siku tano, kisha huifunga, na akirudi baadaye huanza nyingine. Mtu mgeni huuliza faida ya taratibu ile. Faida ni kwamba ndege aliye wengi aghalabu huandikwa mapema, na aliye wachache huandikwa mwisho. Basi orodha mia za mraba mmoja, ingawa hakuna aliyehesabu ndege mmoja mmoja, husema ni nani anayeongezeka na ni nani anayesogea chini mwaka hata mwaka. Huu ni ufundi mzuri, kwa kuwa umempa mkulima au mwanafunzi kazi anayoiweza, nao umemwachia mtaalamu kazi ya kupiga hesabu.

Pamoja na hiyo iko hesabu ya ndege wa majini, inayofanywa kila Januari katika maziwa ya Bonde la Ufa tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Hiyo hudai nidhamu ya jeshi. Pwani ya ziwa hugawanywa vipande, kila kundi hupewa chake, na wote huanza asubuhi ileile, kwa maana heroe akiruka toka upande mmoja kwenda wa pili ataandikwa mara mbili kama makundi hayakupatana saa. Katika kila kundi yuko mwenye macho yaliyozoea, na wapya hushika daftari. Maji ya maziwa hayo yalipoanza kupanda katika miaka ya 2010, yakameza barabara na mashamba, watu waliokuwa wakihesabu kila Januari ndio waliokuwa na la kusema juu ya heroe wadogo wa Nakuru. Ndege hao hula vijimea vidogo vya maji ya magadi. Maji matamu yakizidi, magadi hupungua, na chakula hupungua nayo. Mzee wa Nakuru aliona tu kwamba ziwa limeacha kuwa jekundu. Daftari liliweza kusema ni kwa kiasi gani, na toka lini.

Sasa yatupasa kurudi Marekani kidogo, kwa kuwa huko ilizaliwa namna ya pili ya siku ya kuhesabu, ambayo imeenea upesi kuliko ile ya Chapman. Mwaka 1996, katika bustani za maji za Kenilworth mjini Washington, wataalamu na wenyeji walijaribu kuandika viumbe vyote, mimea, wadudu, kuvu, samaki, ndege, kwa saa 24 bila ya kulala. Mfanyakazi mmoja wa bustani za taifa, Susan Rudy, aliipa siku ile jina lenye maana ya radi ya viumbe, na jina likashika. Miaka miwili baadaye, katika nchi ya Concord na ziwa Walden, Peter Alden na Edward Wilson waliwakusanya wajuzi zaidi ya mia moja, nao katika siku moja wakaandika aina 1,904. Mwaka 2008 wanafunzi wa California walitengeneza mtandao wa iNaturalist, ambao hupokea picha ya kiumbe toka kwa mtu yeyote na kuwauliza wengine jina lake. Mwaka 2016 Los Angeles na San Francisco zilishindana kwa njia hiyo; miaka miwili baadaye mashindano yakawa ya miji ya dunia, na mwaka 2019 jiji lililoongoza kwa wingi wa taarifa na wingi wa aina lilikuwa Cape Town.

Ushindi ule ulileta fahari, na fahari ile ilikuwa halali. Walakini siku ya radi ina udhaifu wake, ambao waandalizi wake wenye akili huukiri. Yasema ni nini kilikuwapo. Haisemi ni nini hakikuwapo. Mtu asipopiga picha ya kipepeo fulani, hatujui kama kipepeo hayupo, au mtu huyo alipita upande mwingine, au simu yake iliishiwa na umeme. Tena picha hukusanyika mahali penye barabara, chuo, na hoteli, na ramani ikitazamwa bila ya hadhari itamfanya mtu adhani kwamba viumbe vyapenda kukaa karibu na lami. Mashindano ya wingi humlipa anayepiga picha mia za maua ya njiani kuliko anayekaa saa tatu kwenye tope akingoja ndege mmoja. Wako wataalamu ambao kwa sababu hizo huidharau siku ya radi kabisa. Hao wamekosea kipimo. Siku ile si daftari, bali ni mlango, na watoto wengi wameingia kwa mlango huo. Kosa ni la yule anayeandaa siku moja kwa mabango na fulana, akaita wakubwa wahutubu, kisha asirudi tena mwaka wa pili.

Jambo gumu kuliko yote ni mahali ambapo ardhi inayohesabiwa ina mwenyewe. Katika uwanda wa Kinangop, magharibi ya milima ya Nyandarua, hukaa ndege mdogo mwenye kifua cha manjano, ambaye wataalamu humwita Macronyx sharpei. Ulimwenguni kote hapatikani ila katika nyanda za juu za Kenya, tena katika majani mafupi yenye vishungi tu, panapolimwa hakai. Na uwanda ule si hifadhi. Ni mashamba ya wakulima, waliopata ardhi baada ya uhuru kwa taabu inayojulikana, nao wana watoto wa kusomesha. Viazi na kabeji huleta fedha; majani hayaleti. Mwenye shamba akilima kipande chake cha majani hafanyi kosa lolote la sheria, ingawa kwa jembe lake amempunguzia ndege yule makao.

Hapo wenyeji waliunda kundi lao, wakajifunza kumtambua ndege huyo na kumhesabu katika mashamba ya jirani zao. Tafauti ya kazi hii na ile ya mgeni ni kubwa. Mgeni huhesabu, akaenda zake, na taarifa yake husomwa mbali. Mwenyeji huhesabu katika shamba la mtu ambaye atakutana naye sokoni na kanisani, na tarakimu yake ikishuka, yeye na mwenye shamba wote wawili wajua sababu. Haiwezekani kumwambia jirani aache kulima kwa ajili ya ndege ikiwa huna la kumpa badala yake. Kwa hiyo wahesabuji wale hawakukaa katika kuhesabu tu. Chama cha Nairobi kilinunua vipande kadhaa vya uwanda vibaki majani, na wenyeji wa Njabini walianzisha karakana ya kusokota sufu, kwa kuwa kondoo huhitaji majani, na majani yaliyoliwa na kondoo ndiyo yampendezayo yule ndege. Bei ya sufu na bei ya viazi hupanda na kushuka kila mwaka, na msimu ufikapo wahesabuji hurudi katika mashamba yaleyale wakiwa na daftari.